Paka asiporudi nyumbani, mtafute kabla ya kusema ameliwa

Mhariri,

Tangu Juni 2018, mwanamume mmoja alipokamatwa hapa Nakuru akichuna paka, akadaiwa kuwauzia wapika sambusa nyama yao, na baadaye akafungwa jela, wenye paka mjini humu wamekuwa na jibu tayari mdomoni. Paka akikosa kuonekana usiku wa kwanza, wanasema atarudi. Usiku wa pili wanasema ameishia kwenye sambusa. Watoto wanalia, sahani yake inaoshwa na kurudishwa kabatini, na habari inakwisha. Hakuna aliyepanda darini kuangalia. Hakuna aliyemwomba jirani afungue stoo.

Sisi tunaotibu wanyama wa nyumbani tunaandika kwa sababu jibu hilo mara nyingi si la kweli, na humkalisha mtu chini katika saa zile zile ambazo paka wake angeokolewa. Mwaka huo huo wa 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa ng'ambo kuhusu paka 1,210 waliopotea. Kati ya waliopatikana, nusu walikuwa ndani ya mita 50 kutoka mahali walipotokea, na robo tatu ndani ya mita 500. Kule Kaptembwo hapa Nakuru au Manyatta ya Kisumu, mita 50 ni ploti tatu au nne. Mita 500 ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba theluthi moja ya paka wote waliopotea walipatikana ndani ya siku 7, na kwamba kutoka nje kumtafuta kwa macho na mikono kulisaidia kumpata akiwa hai.

Tatizo ni kwamba paka aliyeumia au aliyeogopa haitikii. Mbwa akiumia hulia watu wamjie. Paka hujibana gizani na kunyamaza, kwa sababu yeye ni mwindaji mdogo ambaye pia huwindwa, na mnyama wa namna hiyo akionyesha udhaifu ataliwa. Ndiyo maana mtu hupita akimwita jina hatua mbili kutoka alipolala paka wake, asijibiwe, akaenda zake akiamini hayupo. Kuita peke yake hakutoshi. Lazima uiname, umulike, upapase.

Kabla ya kueleza namna ya kutafuta, tuseme kwanza kwa nini paka huacha kurudi, kwa maana sababu ndiyo itakuonyesha pa kuanzia.

Katika mitaa yetu na vijijini, sababu tunayoitanguliza ni njaa. Imani kwamba paka akilishwa hatashika panya ina mizizi mirefu, na si kweli. Hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni vitu viwili tofauti katika mwili wa paka: aliyeshiba humrukia panya vilevile, na huwa na nguvu zaidi za kumvizia. Mwenye njaa hakai kwenye ghala lako akisubiri panya ajitokeze. Hufuata harufu hadi nyuma ya bucha, kwenye kibanda cha chipsi, au pale ufukwe wa Dunga, Kisumu, samaki wanapoparuliwa magamba, na akishaizoea riziki ya huko hana haja ya kurudi kwako.

Wengine humlisha, lakini ugali na maziwa. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa miezi mingi macho huharibika na moyo hudhoofika. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Mpe omena waliochemshwa, utumbo wa kuku uliopikwa, mapafu, au vichwa vya samaki vilivyolainika mifupa. Taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo mmiminie supu hiyo pia, ila isiwe na kitunguu wala kitunguu saumu, kwani vyote viwili huharibu damu yake. Usimzoeshe samaki wabichi kila siku. Aina nyingi za samaki zina kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayeishi kwa samaki wabichi tu huanza kupepesuka na kuinamisha shingo; moto wa jiko hukiua kimeng'enya hicho.

Saa za kumlisha zina uzito sawa na chakula chenyewe. Mlishe mara mbili, asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mlo mkubwa uwe wa jioni. Gonga sahani kwa kijiko kila siku kwa mdundo ule ule. Ndani ya wiki mbili hivi atakuwa mlangoni kabla ya giza, na ukishafunga mlango umemwepusha na mbwa wanaofunguliwa usiku, magari, na madume yanayopigana. Mlio huo wa kijiko ndio utakaomwita siku akipotea.

Dalili ya paka mwenye kwao kwingine ni kwamba hutoweka siku mbili, akarudi amenenepa, ana harufu ya sabuni au ya moshi usio wa jiko lako. Huyu hajapotea. Kata ukanda wa karatasi, andika: "Paka huyu ana mwenyewe. Tafadhali piga namba hii," ufunge shingoni kwa selotepu kidogo, ukiwa umelegea kiasi cha vidole viwili kupita. Karatasi itachanika akinasa mahali, kwa hiyo haitamnyonga. Mara nyingi simu hulia kabla ya wiki kwisha.

Sababu ya pili ni uzazi, na hapa mahali tulipo pana maana kubwa. Katika nchi za mbali na ikweta, paka jike hupumzika miezi ya mchana mfupi, kwa kuwa mwanga wa jua ndio unaoamsha homoni zake. Ikweta inapita Maseno, karibu na Kisumu, na Nakuru iko kusini yake kidogo tu. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili Januari na saa kumi na mbili Julai, kwa hiyo jike hana mapumziko. Asipopandwa, joto la kutaka dume humrudia kila baada ya wiki mbili au tatu, mwaka mzima. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na hubeba kwa muda wa wiki tisa. Kwa hiyo dume lisilohasiwa huitwa kila usiku na jike fulani mtaani. Husahau chakula, huvuka barabara asizozijua, hupigana. Likirudi baada ya siku kadhaa huwa limekonda, masikio yamechanika na uso umevimba.

Jike naye akitoweka, mkumbuke tumbo lake. Aliyekaribia kuzaa hutafuta mahali pa giza pasipo na watoto wa kumshikashika: darini, ndani ya sofa iliyotoboka chini, kwenye rundo la mabati. Akirudi mara moja kwa siku kula haraka haraka na kuondoka, na chuchu zake zimetuna na manyoya ya pembeni yamelambwa, ana watoto karibu. Mlishe vizuri, mfuate kwa macho tu. Ukiwagusa watoto wake wangali wadogo huwahamisha mmoja mmoja kwa meno hadi mahali ambapo hutapaona. Dawa ya kudumu ni kuhasi madume na kufunga kizazi majike wakiwa na miezi minne hadi mitano. Baada ya kuhasiwa, homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, kwa hiyo mwenye dume asikate tamaa akiliona bado linatoka ndani ya mwezi mmoja wa mwanzo.

Sumu ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu inaweza kuepukwa. Sumu za panya si moja, na kutozitofautisha kunaua. Zile za vipande vya rangi, za jamii ya bromadioloni na brodifakumu, huzuia damu kuganda. Paka hupewa sumu hii na panya aliyekula chambo, hasa akila panya wa namna hiyo siku baada ya siku. Haonyeshi kitu kwa siku tatu hadi tano. Kisha anachoka, fizi zinapauka, anahema kwa shida kwa kuwa damu inavujia kifuani, anajificha. Mwenye nyumba anasema hajarudi, kumbe yuko chini ya kibanda cha jirani. Huyu huokolewa kwa vitamini K1 kutoka kwa daktari wa mifugo, na tiba hiyo huendelea wiki tatu hadi nne. Watu huiacha baada ya wiki moja wakiona paka anaruka, naye hufa ghafla wiki inayofuata, kwa kuwa sumu hiyo hukaa sana kwenye ini kuliko dawa.

Nyingine ni vikaratasi visivyo na jina vinavyotembezwa sokoni na stejini. Mara nyingi ni dawa kali za kuua wadudu wa mashambani, zilizofungwa upya. Hizi hazingoji siku tatu. Ndani ya dakika au saa chache paka anatokwa na mate mengi, mboni za macho zinakuwa nukta, misuli inatetemeka, anaharisha, anaanguka. Dawa yake ni atropini, na ni daktari anayeichoma. Ya tatu ni unga wa kijivu wa zinki fosfaidi. Huu ukikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi, na matapishi yake hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Fungua madirisha kabla ya kumshika, kwa maana gesi hiyo humdhuru na binadamu.

Kwa sumu yoyote kati ya hizo, usimpe maziwa, chumvi, mayai mabichi wala mafuta ya kupikia. Maziwa hayazimui sumu. Kwa unga wa zinki, chakula chochote huamsha asidi zaidi tumboni na gesi ikaongezeka. Mfunge kwenye taulo, mweke ndani ya katoni, beba pakiti au mabaki ya sumu, kimbia. Kama si paka wako aliyelishwa bali ni wewe unayetega sumu, weka chambo ndani ya boksi lenye tundu la panya tu, kusanya mizoga kila asubuhi na kuizika nusu mita chini, na uwaambie majirani siku unayoanza ili wafungie paka zao. Bora zaidi ni mtego wa springi. Anayemtegea paka sumu makusudi ajue kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inalihesabu tendo hilo kuwa kosa.

Kuna sumu nyingine inayotoka mikononi mwetu wenyewe kwa nia njema. Mtu anaona viroboto, anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe kutoka agroveti, anampaka paka. Dawa nyingi za kupe zina sipamethrini au permethrini, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama la mbwa au ng'ombe. Nyingine zina amitrazi, nayo humlegeza na kumshusha joto la mwili. Aliyepakwa hutetemeka masikio, hutikisika mwili mzima, huruka dirishani na kukimbia bila kujua aendako. Ukimuwahi, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mpashe joto, mpeleke. Vidonge vya maumivu vya parasetamoli pia usimpe hata robo, humuua.

Sasa paka aliyefungiwa. Huyu ndiye anayepatikana kwa urahisi zaidi, lakini ndiye anayesahaulika. Paka hupenda kuingia mlango unapokuwa wazi kwa dakika tano: stoo ya jirani, duka linalofungwa Jumamosi jioni, kontena, karakana, chumba cha mpangaji aliyekwenda mashambani wikendi. Fundi akiziba dari, mwambie asubiri umwone paka kwanza. Nakuru iko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi, na asubuhi za Julai zina baridi. Paka hulala juu ya injini iliyo na joto, na gari likiwashwa huumia au husafirishwa hadi Gilgil. Gonga boneti mara mbili kabla ya kuwasha. Wenye malori yanayolala kando ya barabara kuu wangetusaidia sana kwa kufanya hivyo.

Kwa wakulima wa Nakuru, Trans Nzoia na Uasin Gishu tuna onyo la pekee. Mahindi yakishavunwa, magunia hupangwa, hufunikwa kwa turubai na kuwekewa vidonge vya alumini fosfaidi. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini, na turubai hufungwa siku tano hadi saba au zaidi. Paka aliyeingia humo kufuata panya hatoki hai. Kabla ya kuweka vidonge, ondoa safu ya kwanza ya magunia, mulika tochi mianyani, kisha mfungie paka wako ndani ya nyumba, si kwenye ghala lile lile, mpaka turubai lifunuliwe na hewa ipite. Na binadamu asilale kwenye jengo hilo.

Kwenye ukanda wa miwa, kuanzia Chemelil na Muhoroni hadi Mumias, paka huwafuata panya ndani ya mashamba. Huko kuna mitego ya waya iliyotegewa sungura, na kuna moto unaowashwa kabla ya miwa kukatwa. Paka aliyerudi na waya kiunoni usiuvute. Mfunge taulo kichwani, ukate waya kwa koleo, kisha mpeleke kwa daktari hata kama hakuna jeraha, kwa kuwa nyama iliyobanwa huoza siku kadhaa baadaye. Aliyetumbukia kwenye kisima kilichokauka au shimo la choo cha zamani, mshushie gunia tupu lililofungwa kamba juu na jiwe chini. Hulipanda kwa kucha mwenyewe usiku, watu wakiondoka.

Kelele na uhamisho humpoteza paka kwa njia moja: vyote humng'oa kwenye ramani ya harufu anayoijua. Bonde la Ziwa Viktoria lina ngurumo za radi nyingi mno. Radi ikipasuka, au fataki za mwaka mpya, au spika za mkesha zikiwekwa ukutani kwako, paka hukimbia bila kuchagua njia na hujikuta uani kwa watu. Akishatulia haendi mbali. Hujificha, na anaweza kukaa hapo wiki nzima au zaidi kabla njaa haijamtoa.

Kuhama nyumba ni kugumu zaidi. Ziwa Nakuru lilipofurika na kuzimeza nyumba za Mwariki na Barut, na ziwa Viktoria liliposukuma maji hadi Dunga na Nyando, familia zilihama kwa haraka. Paka aliyehamishwa huirudia nyumba ya zamani hata kama ni maji matupu. Mbebe kwenye katoni yenye matundu au kikapu chenye kifuniko. Usimtie kwenye gunia, kwani joto la ndani ya gunia kwenye matatu linaweza kumuua. Mfungie chumba kimoja na boksi la mchanga, maji, na nguo uliyoivaa bila kuifua. Akae ndani wiki tatu hadi nne. Siku ya kwanza kumtoa iwe jioni, akiwa na njaa, dakika kumi tu kabla ya mlo, nawe ugonge sahani. Acha namba yako kwa waliohamia nyumba ya zamani, na uwaombe wasimpe chakula, bali wakupigie.

Ugonjwa tutauzungumzia kwa ufupi. Jeraha la meno ya paka hufunga juu na usaha ukabaki ndani, na siku ya tatu au ya nne homa humlaza mafichoni. Dume anayechuchumaa mara nyingi bila mkojo kutoka ameziba njia ya mkojo, na ana siku moja au mbili tu za kuishi asipotibiwa. Ukimwona hivyo asubuhi, usimruhusu kutoka nje mchana.

Namna ya kutafuta, basi. Anza ndani ya nyumba, hata kama una hakika alitoka: nyuma ya friji, ndani ya droo, chini ya godoro, darini. Kisha zunguka mita 50 za kwanza ukiomba ruhusa kila ploti, na uingie mwenyewe. Mtu akikuambia "hapa hayupo" hajainama kuangalia. Rudi usiku, baada ya saa nne watu wakilala, na tena saa kumi alfajiri. Shika tochi usawa wa jicho lako, si kiunoni, ili mwanga unaorudi kutoka machoni mwake uingie machoni mwako. Macho ya paka hung'aa kijani au manjano kutoka mbali. Mulika chini ya magari, ndani ya mitaro, juu ya kuta. Simama dakika moja kila mahali, gonga kijiko polepole, sikiliza. Ukimwona usimkimbilie. Kaa chini, geuza uso pembeni, weka omena mbele yako, umngoje.

Waulize wanaokesha: walinzi, wachoma mahindi, vijana wa bodaboda. Waulize pia wazoa taka, kwa kuwa paka aliyegongwa na gari wao ndio humwondoa. Ni swali gumu kuuliza, lakini afadhali kujua. Watoto wanaocheza nje huwajua paka wote wa mtaa kuliko wazee. Kwenye tangazo la ukutani na kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa weka picha, rangi na namba, lakini ficha alama moja, kwa mfano doa chini ya mguu wa nyuma. Atakayepiga akisema anaye, mwambie aitaje. Anayedai umtumie M-Pesa kwanza kabla ya kukutajia alama hana paka wako.

Aliyejificha na kuogopa hata mwenyewe hukamatwa kwa kizimba. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa wavu wa chuma: urefu sentimita 80, upana 30, kimo 35, mlango wa kudondoka na kibao cha kukanyaga ndani. Weka omena au kichwa cha samaki wa kuchoma nyuma ya kibao, ili lazima akanyage. Tandika gazeti chini, kwani hawapendi kukanyaga waya. Kitege kivulini na ukikague kila saa moja au mbili. Akinaswa, kifunike kwa shuka mara moja, naye atatulia.

Akirudi, mpe maji kwanza na chakula kidogo kidogo mara tano kwa siku. Paka, hasa mnene, aliyekaa siku tatu au zaidi bila kula huweza kujazwa mafuta kwenye ini. Fizi na masikio yakiwa ya manjano, ni daktari siku hiyo hiyo. Angalia kucha: zilizosagika na kupasuka ncha ni dalili ya kugongwa na gari na kuburuzwa, hata kama ngozi ni nzima. Angalia kama anahema kwa tumbo. Mfungie ndani wiki moja.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ambacho paka nao hukipata na kukiambukiza. Paka aliyetoweka akarudi mkali, au mpole kupita kawaida, sauti imebadilika, mate yanamtoka, usimshike kwa mikono. Mfungie chumbani kwa fimbo na ubao, umwite afisa wa mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kuona kama paka atakufa. Paka huchanjwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka.

Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Tunaziomba idara za mifugo za kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega na jirani zake kwamba matangazo ya siku za chanjo yataje paka kwa jina, na wapangiwe saa yao peke yao asubuhi, kabla mbwa hawajafika. Nanyi wenye paka, mleteni kwenye katoni iliyofungwa na yenye matundu, msimbebe mikononi, kwa sababu paka akichomoka mbele ya foleni ya mbwa thelathini, jioni hiyo mtakuwa nje na tochi mkimtafuta.

Wahudumu wa afya ya wanyama,
Nakuru